Udongo wa Maxwell, mafiga matatu na maziwa ya Mpemba

Najua nimepotea. Nimerudi chuoni juzi kutoka mazoezi ya kufundisha, miguu imejaa vumbi la Mwanza na sauti imekauka kwa chaki. Mnaotaka umbea wa mazoezi subirini, upo na utakuja. Leo nina jambo limenikaa kooni tangu kabla hatujatawanywa mashuleni, na nisipoliandika nitalala nalo tena.

Mnaikumbuka ile wiki ya kufundishana wenyewe kwa wenyewe? Zamu yangu ilikuwa mada ya michoro ya fezi, kemia ya kidato cha sita. Kwa wale wa historia na Kiswahili, msikimbie, nitawaeleza. Siku mbili kabla nilipanda daladala kumfuata mama mmoja anayefinyanga vyungu, nikanunua udongo wa shilingi elfu mbili, nikaubeba kwenye mfuko wa rambo hadi hosteli. Usiku kucha nafinyanga, mwenzangu wa chumbani ananiuliza kama nimeanza mambo ya kienyeji. Asubuhi nikaingia darasani na kilima changu cha udongo juu ya sinia.

Mwalimu aliyekuwa anatupima alikitazama, akatabasamu, akasema huyu binti anafaa sana chekechea. Darasa zima likaangua kicheko. Nilipata 11 kwa 20. Aliyenifuata alibandika karatasi ya manila yenye mistari mitatu ya rangi iliyochorwa kwa rula, akapata 17.

Basi nikaenda maktaba na hasira zangu. Na huko ndiko nilikokuta kwamba wa kwanza kufinyanga kilima kile hakuwa mtoto wa chekechea. Alikuwa James Clerk Maxwell.

Tuanze na mchoro wenyewe, manake nusu yenu mmeshaanza kusinzia. Kitu chochote, tuseme maji, kinaweza kuwa barafu, maji au mvuke. Hali ipi itatokea inategemea jotoridi na mgandamizo. Ukichora jotoridi kwenye mstari wa chini na mgandamizo kwenye mstari wa pembeni, karatasi inagawanyika maeneo matatu kama mashamba ya ndugu watatu, na mipaka yao ni mistari ile mitatu ya manila. Pale mashamba yote matatu yanapokutana panaitwa nukta ya utatu. Kwa maji ipo kwenye nyuzi 0.01 na mgandamizo mdogo mno, kama 0.006 ya ule wa hewa ya pwani. Kwa kabonidayoksaidi ipo chini ya nyuzi 56 hasi, kwenye mgandamizo wa zaidi ya mara tano ya hewa ya pwani, ndiyo maana barafu yake haiyeyuki mezani ikawa maji, inaruka moja kwa moja kuwa gesi. Mpaka kati ya kimiminika na gesi nao unafika mahali unakatika, kwa maji ni nyuzi 374. Kupita hapo huwezi tena kusema hiki ni kimiminika na hiki ni gesi.

Hayo yote unayakuta kwenye desa. Utayakariri usiku mmoja, utayaandika kwenye mtihani, na wiki inayofuata hukumbuki hata mstari upi ulikuwa wa barafu. Nayasema kwa sababu nilifanya hivyo mwenyewe kidato cha sita, na nikafaulu.

Sasa historia. Kuna mji unaitwa Belfast, kule Ireland. Kwenye miaka ya 1860 profesa mmoja wa kemia, Thomas Andrews, alikuwa anaibana kabonidayoksaidi ndani ya mirija myembamba ya kioo. Aligundua kwamba ikishapita kama nyuzi 31, uibane utakavyo, haigeuki kimiminika. Alitangaza matokeo hayo mwaka 1869. Chuo hichohicho kulikuwa na profesa wa uhandisi, James Thomson, kaka yake yule Thomson tunayemjua kwa jina la Kelvin. Thomson alizichukua tarakimu za Andrews na, mhandisi ni mhandisi tu, akatengeneza umbo. Upande mmoja jotoridi, upande wa pili mgandamizo, na wa tatu ujazo. Kilima cha kushika kwa mkono. Ni yeye pia ambaye mwaka 1873 aliipa nukta ya utatu jina lake.

Mwaka huohuo wa 1873, ng'ambo ya bahari, Marekani, kulikuwa na mtu mpole anaitwa Josiah Willard Gibbs. Alifundisha Yale, mji wa New Haven. Aliteuliwa profesa mwaka 1871 na kwa karibu miaka tisa hakulipwa mshahara. Sisi bumu likichelewa wiki mbili tunakesha nje ya ofisi ya mikopo! Gibbs alikuwa na urithi wa familia, ndiyo ponapona yake. Aliandika makala mbili mwaka 1873, akazichapisha kwenye jarida la chama cha wasomi wa jimbo lake, Connecticut, jarida ambalo wanafizikia wa Ulaya wengi hawakuwa na mazoea ya kulifungua.

Katika makala ya pili alisema hivi, kwa maneno yangu. Tuache kuchora mgandamizo na jotoridi. Tuchukue ujazo, nishati, na kile kiitwacho entropi, yaani kipimo cha jinsi nishati ilivyotawanyika ndani ya kitu. Kila hali ya maji inakuwa nukta moja angani, na nukta zote kwa pamoja zinafanya uso, kama ngozi ya kilima. Mteremko wa uso ukielekea upande wa entropi ndio jotoridi. Mteremko ukielekea upande wa ujazo ndio mgandamizo. Kumbe vile vitu viwili tulivyokuwa tunavitandaza kwenye karatasi kama ndio msingi, kwake ni mwinuko tu wa ardhi unapotembea.

Mimi niliposoma hapo mara ya kwanza sikuelewa kitu. Mara ya pili vilevile. Gibbs aliandika kwa maneno na hesabu zaidi kuliko picha, na sidhani kama wasomaji wake wengi walifanikiwa zaidi yangu. Lakini mmoja alielewa, na alikuwa Cambridge, Uingereza.

Maxwell wakati huo alikuwa ndiye profesa wa kwanza wa maabara ya Cavendish. Milinganyo yake ya umeme na sumaku alikuwa ameshaitoa. Mtu wa namna hiyo mngedhani atakaa na kalamu yake tu. Hapana. Mwaka 1874 alichukua udongo, akaanza kuufinyanga uso wa Gibbs kwa mikono yake, kisha akatoa nakala za plasta. Hakufuata tarakimu kamili za maji halisi. Alibuni kitu cha kufikirika kinachofanana na maji, akavikuza vile vibonde na vilima vidogo ili macho yavione. Hapa nilisimama nikacheka mwenyewe maktaba, manake mojawapo ya makosa niliyoandikiwa ni kwamba umbo langu halikuwa na vipimo sahihi.

Halafu kuna jambo lake moja ambalo nalipenda kuliko yote. Alitaka kuchora juu ya plasta mistari inayounganisha sehemu zenye jotoridi moja, na mingine ya sehemu zenye mgandamizo mmoja. Kwa hesabu ingechukua siku nyingi. Alichofanya ni kuliweka umbo juani, akaligeuzageuza hadi miale ya jua ipite ikiugusa uso kidogo tu bila kuupiga, pale kwenye mpaka wa mwanga na kivuli, kisha akafuatisha mpaka huo. Fikirini wenyewe. Mwale wa jua una mteremko wake. Ukiuelekeza upande wa entropi, kila mahali unapougusa uso bila kuupiga pana mteremko uleule, kwa hiyo jotoridi lilelile. Ukigeuza umbo mwale ufuate upande wa ujazo, unapata mgandamizo. Jua linafanya hesabu, wewe unashika penseli.

Tuliijaribu mimi na wenzangu wawili kwenye mawe yale ya ufukweni, saa kumi na moja jioni jua linapolala juu ya ziwa. Inafanya kazi. Si sahihi kama ya Maxwell, udongo wetu ulikuwa na nyufa na mmoja wetu alikuwa anacheka sana, lakini mistari inatoka.

Nakala moja ya plasta Maxwell aliituma New Haven kwa Gibbs, na Yale wanayo hadi leo. Inasimuliwa kwamba wanafunzi walipomuuliza Gibbs nani ametengeneza kitu hiki, alijibu tu kwamba ni rafiki yake. Hakutaja jina. Mwanafizikia mkubwa kuliko wote wa zama zile amemfinyangia kazi yake kwa mikono, na yeye anasema rafiki! Mimi ningeliandika jina hilo kwenye fulana. Maxwell alieleza pia uso huo katika toleo la 1875 la kitabu chake cha nadharia ya joto, kisha akafariki mwaka 1879, akiwa na miaka 48.

Sasa niwaonyeshe kwa nini udongo unashinda manila. Kwenye manila nukta ya utatu ni nukta, kitone cha kalamu. Mwanafunzi anakariri kwamba hapo vitu vitatu vinakaa pamoja, lakini kitone hakina nafasi ya kukaa hata kimoja. Kwenye uso wa Gibbs, kitone hicho ni pembetatu kamili. Sisi tuliihesabu nishati kwenda chini, ili kilima kibinuke juu. Chukua kipande cha kioo bapa, kiweke juu ya kilima. Sehemu nyingi kitagusa mahali pamoja tu, na hapo kuna hali moja peke yake. Kibingirishe polepole, utafika mahali kinagusa pawili kwa wakati mmoja huku katikati kuna bonde. Hapo ni maji na mvuke pamoja, au barafu na maji. Endelea kukibingirisha na ghafla kinatulia, kimekaa juu ya vilele vitatu, hakitikisiki. Barafu, maji, mvuke.

Mafiga matatu! Nani katika nchi hii hajui kwa nini chungu hakikai juu ya mawili? Na ndani ya hiyo pembetatu unaweza kuweka kidole popote. Ukiwa karibu na figa la barafu, chombo chako kina barafu nyingi. Ukisogea kwa mvuke, mvuke unazidi. Jotoridi na mgandamizo havibadiliki hata kidogo, kwa sababu kioo ni kilekile kimoja na mteremko wake ni uleule. Kanuni ya fezi, ambayo Gibbs aliitoa katika kazi yake kubwa ya 1875 hadi 1878 na ambayo sisi tunaikariri kama wimbo, kwa kitu kimoja inakaa yote kwenye kioo. Kikigusa pamoja una uhuru wa kukiyumbisha pande mbili. Kikigusa pawili umebakiwa na njia moja. Kikigusa patatu huna.

Waholanzi waliendelea na plasta kwa miaka mingi. Kule Leiden, maabara ya Kamerlingh Onnes ilikuwa na maumbo ya plasta yaliyotokana na nadharia za van der Waals, kwa michanganyiko ya vitu viwili. Maabara hiyohiyo ndiyo iliyofanikiwa kuigeuza heliamu kuwa kimiminika mwaka 1908. Sitakaa sana hapo, manake hesabu zake zinanishinda.

Basi plasta ilipotelea wapi? Mimi naona sababu ni ya kawaida tu. Plasta haiingii kitabuni. Huwezi kuikunja ukaituma kwa meli pamoja na vitabu mia mbili. Kitabu kinataka mchoro bapa, na mchoro wa mgandamizo na jotoridi ni kivuli cha kile kilima kilichoangushwa kwenye karatasi. Kivuli kinachapika kwa bei ndogo. Kwetu kemia ya sekondari ilikuja ndani ya vitabu vya Kiingereza, ikiwa imeshalazwa, na mwalimu aliyefundishwa kwa kivuli akafundisha kivuli. Halafu kivuli kikawa ndicho chenye heshima, na udongo ukawa wa chekechea.

Sasa twende kwenye mazoezi. Shule niliyopangiwa siitaji. Ina maabara, ina vipimajoto sita, vinne vizima. Nilianza na maji ya kuchemka. Nikawaambia vijana wapime wenyewe waandike wanachokiona. Makundi yote yaliandika 100. Nikapita mezani, nikaangalia, vipimajoto vinasoma 96 na kidogo. Nikamuuliza kijana mmoja, umeona ngapi? Akajibu, tisini na sita madamu, lakini kipimajoto kibovu. Vinne vyote vibovu kwa kiasi kilekile?

Ziwa letu lipo mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni pungufu kuliko ya Dar kwa zaidi ya asilimia kumi, kwa hiyo maji ya Mwanza yanachemka kwenye kama nyuzi 96. Maharage ya Mwanza yanajua, mama lishe wa Mabatini anajua kwamba yanachelewa kuiva, mtahiniwa wa kidato cha sita hajui. Amesoma kwamba mpaka wa maji na mvuke unapinda, ameuchora mara kumi, lakini hajawahi kujua kwamba yeye mwenyewe anaishi kwenye sehemu fulani ya huo mpaka na si ile iliyoandikwa kitabuni. Tuliweka alama ya Mwanza kwenye udongo kwa kijiti cha kiberiti, Dar kijiti kingine, kilele cha Kilimanjaro cha tatu, huko maji yanachemka kwenye kama 80. Walifurahi hao! Mmoja akauliza gongo tuiweke wapi. Nikamwambia gongo ina vitu viwili, inataka kilima kingine, na hata apike mara ngapi mchanganyiko unaogota kwenye asilimia 95.6 ya pombe. Darasa zima likaandika, bila kuambiwa.

Nilijiona mwalimu wa taifa. Ndipo siku iliyofuata kijana mwingine, mkimya, wa dawati la nyuma, akaja mbele kwenye udongo. Akaweka kidole upande wa maji ya moto, akakiteremsha polepole hadi kwenye barafu. Kisha akaweka kidole kwenye maji ya vuguvugu, akakiteremsha. Akaniuliza, madamu, hiki kinatumia muda gani kufika, na hiki muda gani? Cha moto kinapita njia ndefu, lakini nimesikia kuna wakati kinawahi.

Wadau, nilijibu nini? Nilisema, hiyo haipo kwenye silabasi, kaa chini.

Nilijisikia nimeyasema kabla sijajua kwamba nayasema. Akakaa. Na mimi nikaendelea na kipindi.

Jioni ile sikula. Manake stori ya Mpemba ninaijua, ninyi pia mnaijua, lakini wengi tunaijua kama jina la ajabu tu, tufurahi kwamba kuna Mtanzania kwenye vitabu vya fizikia. Isomeni tena taratibu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu, sekondari ya Magamba, kule Lushoto. Vijana walikuwa wanatengeneza aiskrimu. Unachemsha maziwa, unatia sukari, unaacha yapoe, ndipo unaweka kwenye friji la kugandishia. Nafasi ya friji ilikuwa ya kugombania. Mwenzake mmoja aliwahi akaweka maziwa bila kuchemsha. Mpemba akaona atakosa nafasi, akaingiza ya kwake yakiwa bado ya moto. Saa moja na nusu baadaye ya kwake yameganda, ya mwenzake bado ni uji.

Akamuuliza mwalimu wa fizikia. Akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, haiwezekani. Likizo akakutana na rafiki yake anayeuza aiskrimu Tanga mjini, naye akamwambia kwamba wao huweka ikiwa ya moto, inawahi kuganda. Kwa hiyo wauza aiskrimu walikuwa na habari hizo, walichokosa ni mtu wa kuwauliza. Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu, akauliza tena wakati wanasoma kanuni ya Newton ya kupoa. Mwalimu akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Tangu siku hiyo akikosea hesabu darasa linamwambia ni hesabu za Mpemba. Hakukaa kimya. Siku moja alikuta maabara ya baiolojia iko wazi, akachukua bika mbili, moja maji ya bomba na nyingine ya moto, akazitia kwenye friji. Baada ya saa moja ya moto ndiyo ilikuwa na barafu nyingi.

Kisha akaja mgeni kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Dk. Denis Osborne, kuzungumza na wanafunzi wa Mkwawa. Mpemba akasimama, akauliza. Ukichukua vyombo viwili vya ujazo sawa, kimoja nyuzi 35, kingine nyuzi 100, ukavitia kwenye friji, kile cha 100 kinaganda kwanza. Kwa nini? Wenzake wakacheka. Osborne hakuamini, alikiri mwenyewe baadaye. Lakini aliporudi Dar alimpa fundi wake wa maabara ajaribu, na fundi akaleta habari kwamba ya moto ndiyo iliyowahi, ila ataendelea kurudia hadi apate jibu sahihi. Hata fundi! Mwaka 1969 makala yao, Mpemba na Osborne, ikatoka katika jarida la Uingereza linalohusu ufundishaji wa fizikia. Wakati huo Mpemba alikuwa anasomea uhifadhi wa wanyamapori kule Mweka, chini ya Kilimanjaro. Na Mkwawa, darasa lilelile lililomcheka, tangu 2005 ni chuo kikuu kishiriki cha elimu. Kinafundisha walimu.

Msinielewe vibaya. Mjadala haujaisha. Mwaka 2016 Burridge na Linden, kutoka vyuo vya Uingereza, walirudia vipimo kwa uangalifu na kusema hawakuona ushahidi wa maana kwamba maji ya moto hupoa upesi zaidi, wakaonyesha pia jinsi kuweka kipimajoto sentimita moja juu au chini kunavyobadili jibu. Wengine wameona jambo linalofanana kwenye mifumo tofauti kabisa na maji. Maji yenyewe yana tabia ya kushuka chini ya sifuri bila kuganda, halafu yanaganda ghafla, kwa hiyo hata neno kuwahi inabidi ulieleze kwanza. Inawezekana kabisa Mpemba alikosea kuhusu maji kwa ujumla na akawa sahihi kuhusu maziwa yake, friji lile, siku ile.

Lakini angalieni kosa langu. Yule kijana wa nyuma alikuwa ameona kitu kuhusu udongo wangu ambacho mimi na hasira zangu zote za maktaba sikukiona. Uso wa Gibbs hauna saa. Unasema maji yakitulia yatakuwa nani, hausemi yatachukua muda gani kutulia. Kila nukta juu yake ni mahali pa kupumzikia, na kati ya mapumziko mawili kuna safari ambayo Gibbs hakuiweka pale. Kidole kiliteremka, na kidole kina mwendo, udongo hauna. Nilitumia wiki nzima kupigania modeli ya kushika, mtu akaishika kwelikweli, nikamwambia akae.

Kesho yake nilimwita mbele ya darasa. Nikasema jana nilikosea, swali lako ni zuri na jibu lake silijui lote. Nikawasimulia Magamba. Kisha tukaenda na vikombe viwili vya plastiki kwa mama mwenye duka la soda nje ya geti, akaturuhusu friji lake kwa sharti tununue soda. Mara ya kwanza kikombe cha baridi kiliwahi. Mara ya pili umeme ulikatika, tukapata vikombe viwili vya maji na mama akatulaumu kwamba ni sisi. Mara ya tatu niliwaachia wenyewe, manake muda wangu ulikuwa umeisha na basi la chuo lilikuwa linapiga honi. Kijana kanitumia ujumbe juzi, wamefika mara ya tisa na wamepangana zamu. Wamegundua kikombe kilichowekwa upande wa nyuma wa friji kinaganda kwanza, kiwe cha moto au cha baridi, kwa hiyo sasa wanabadilishana nafasi.

Kilima changu cha kwanza kimepasuka katikati, kilikauka vibaya hosteli. Nimeulizia mjini, duka la vifaa vya ujenzi linauza jasi ya dari, kwa kilo. Jumamosi mchana tunamimina plasta nyuma ya bweni letu, mimi na wale wenzangu wawili wa ufukweni. Mwenye kioo bapa kisicho na ncha akilete, na vaeni nguo ya zamani.